Hati ya Kusimika Klasta ya Kanzidata Iwe Salama Kuendeshwa Tena

Kwa muda ambao nimesimamia kanzidata za PostgreSQL, nimekuja kuamini kwamba hati ya usimikaji (faili la maagizo ya kompyuta ya kusimika mfumo) haipimwi kwa kuinua klasta mpya, yaani kundi la seva zinazobeba kanzidata moja, kwenye seva tupu, kwani hilo hata hati mbovu huliweza, bali kwa yale yanayotokea inapoendeshwa tena juu ya klasta ambayo tayari imebeba data za watu. Kwa anayeanza kutumia Ansible, chombo cha kutekeleza hati kwenye seva nyingi, pamoja na Patroni, programu inayosimamia klasta ya PostgreSQL, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba asiandike popote kuwa seva fulani ndiyo kiongozi, yaani ile inayopokea mabadiliko ya data. Patroni huweza kuhamisha uongozi usiku wa manane bila kumsubiri mtu, na hati inayodhani kuwa seva ya kwanza ingali inaongoza itawasha upya seva isiyostahili kuguswa. Hati iiulize kwanza Patroni, kupitia poti 8008, ni seva ipi inayoongoza kwa sasa. Ianze kufanya kazi yake na replika, yaani seva zinazonakili data za kiongozi, moja baada ya nyingine, ikihakikisha kila moja imemfikia kiongozi, ndipo uongozi uhamishwe kwa utaratibu na kiongozi wa zamani ashughulikiwe mwisho.

Lipo jambo linalowasumbua wengi. Mipangilio iliyo chini ya sehemu ya bootstrap.dcs katika faili la Patroni husomwa mara moja tu, klasta inapoanzishwa. Ukibadilisha max_connections (idadi ya juu ya miunganisho) hapo baadaye, Ansible itaripoti kuwa faili limebadilika, na kweli litakuwa limebadilika, lakini kanzidata itaendelea na thamani ile ya zamani. Mabadiliko ya aina hiyo yapitishwe kwa amri ya patronictl edit-config, kisha hati ithibitishe thamani mpya kwa kuiuliza kanzidata yenyewe.

Kuhusu etcd, hifadhi ambamo Patroni huweka hali ya klasta, nodi (seva) 3 huvumilia kupotea kwa nodi 1, na nodi 4 nazo huvumilia 1 tu, kwa hiyo hiyo ya nne ni gharama isiyoongeza usalama.

Ninalolitilia mkazo kuliko yote ni urejeshaji. Replika si nakala ya akiba, kwa sababu jedwali likifutwa kwa makosa kwenye kiongozi, hufutwa na kwenye replika zake. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu, ilipoteza data za takriban saa 6 baada ya mhandisi kufuta saraka ya data kwenye seva isiyokusudiwa. Pg_dump, chombo cha kutoa nakala ya kanzidata, iliyotumika ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa ya 9.6, hivyo ilishindwa kufanya kazi, na nakala zilizodhaniwa kuwapo hazikuwapo, na barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu zilikuwa zikikataliwa. Kampuni hiyo ilieleza yote hadharani, jambo ninaloliheshimu sana. Kwa sababu hiyo siiti klasta kuwa imekamilika mpaka hati ileile iwe imeandaa seva ya pembeni ambayo kila wiki hurejesha nakala ya akiba iliyotengenezwa na chombo cha pgBackRest na kuhesabu rekodi za majedwali makubwa, huku mfumo wa ufuatiliaji ukitoa tahadhari si tu urejeshaji unaposhindwa, bali pia wiki inapopita bila taarifa yoyote ya urejeshaji kufika.