Jirani kafunga koridoo kwa grili: niliyojifunza nikiwa katibu wa wamiliki

Mimi ni katibu wa umoja wa wamiliki kwenye ghorofa letu hapa Upanga, Dar es Salaam, mwaka wa nne huu, na watu wakiniuliza kazi gani ngumu huwa nawaambia sio kudai sevisi chaji (mchango wa kutunza jengo) wala kumsaka fundi wa lifti, ni pale mtu mwenye hati yake mkononi anapovunja kanuni mlizopitisha wote. Mpangaji akisumbua unampigia mwenye nyumba wake, sasa mwenye nyumba mwenyewe unampigia nani?

Kwetu ilikuwa grili. Mzee mmoja wa floo ya nne aliibiwa viatu mlangoni, haikupita muda akaleta fundi akachomelea grili ya chuma katikati ya koridoo, kufuli kubwa, na nyuma yake akapanga kabati la viatu na mitungi miwili ya gesi. Koridoo hiyo ndo inakwenda ngazi ya nyuma, tukiungua tunakimbilia hapo! Mimi kwa hasira nikapiga picha nikairusha kwenye grupu la WhatsApp nikaandika "hii hairuhusiwi, itolewe leo".

Nilikosea sana. Yule ni mtu mzima, nimemwamkia miaka yote, halafu namuanika mbele ya wapangaji na watoto wake. Wanawe wakaja juu, na dada mmoja akauliza mbona balkoni ya mwenyekiti imezibwa vioo, ruhusa alipewa kwenye kikao gani? Kamati nzima kimya, maana ruhusa haikuwepo.

Kwa hiyo tulianzia hapo, mwenyekiti akatoa vioo vyake kwanza. Bila hivyo msijisumbue kumwandikia mtu barua.

Ndipo nikaenda kwa mzee baada ya magharibi, nimeongozana na mama wa floo ya pili anayeheshimika na kila mtu. Shikamoo, chai, habari za wajukuu. Akaeleza mwenyewe kwamba tangu wizi ule halali vizuri, geti la nyuma linabaki wazi na taa imeungua muda mrefu, na kwa kweli hilo lilikuwa kosa letu kamati. Nikamuuliza, mzee wangu, umeme umekatika, moshi umejaa, ufunguo wa grili uko wapi? Akainuka kuutafuta, akapekua droo, akapekua mfuko wa kanzu, akamuita binti, mwishowe ukaonekana kwenye suruali iliyoko kwenye nguo chafu. Aliporudi kukaa hakubisha tena.

Ila mazungumzo hayatoshi, andikeni. Barua itaje kanuni namba ngapi, kosa lenyewe, siku za kurekebisha (sisi tunatoa 14), asaini kwenye dispachi, lile daftari la kupokelea barua, kwamba amepokea. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ndo imetupa huu umoja, na chini yake koridoo na ngazi ni mali ya pamoja, aliyenunua apatimenti hajanunua koridoo, hilo wengi hawalijui mpaka uwaonyeshe. Faini msitoze kama haimo kwenye kanuni zilizopitishwa mkutanoni na muhtasari upo. Na msimkatie mtu maji kumkomoa, ndani kuna watoto na wagonjwa, na kesi yenu nzuri inageuka kuwa kesi yake.

Grili ilikatwa Jumamosi, fundi yule yule, mzee akaihamishia mlangoni kwake, sisi tukaweka taa na kufuli jipya geti la nyuma. Aliyebaki ni mmiliki wa floo ya sita, yuko nje ya nchi, anakodisha kwa siku na muziki unapigwa hadi saa nane usiku. Barua mbili za imeili kajibu moja, ya tatu naituma Jumatatu, na nakala anapelekewa kwa mkono yule kijana anayemshikia funguo.