Slivu au baipasi: anza na hicho kiungulia

Pole dada. Umesema una kisukari, kiungulia hakikupi usingizi, na daktari amekuachia uchague kati ya slivu na baipasi, operesheni mbili za tumbo za kupunguza uzito. Mimi ningeanza na hicho kiungulia.

Slivu hukata karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo, na kilichokatwa hakirudishwi. Operesheni yenyewe ni nyepesi kidogo, ndiyo maana inapendwa. Lakini Finland waliwagawa wagonjwa 240 kwa operesheni hizo mbili. Baada ya miaka 10, waliokutwa na uvimbe au michubuko kwenye umio, njia ya chakula inayochomwa na asidi ya kiungulia, walikuwa 31% upande wa slivu, 7% tu upande wa baipasi. Uzito wa ziada uliopungua ulikuwa 43.5% kwa slivu na 50.7% kwa baipasi, tofauti ambayo binafsi isingeninyima usingizi.

Baipasi, ambayo hubakiza kijifuko kidogo cha tumbo na kukiunga na utumbo, nayo ina masharti. Vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni za maisha, si mpaka chupa iishe. Diklofenaki ya kujinunulia dukani mgongo ukiuma, sahau: huleta vidonda pale tumbo lilipoungwa na utumbo. Sigara vilevile. Utumbo unaweza kunasa hata miaka baadaye, kwa hiyo maumivu makali ya tumbo ni ya kukimbizwa hospitali, si ya chai ya tangawizi.

Ile pete ya kubana tumbo achana nayo. Wengi hurudi kupasuliwa ili itolewe.

Kabla ya kusaini, omba umio upimwe kwa kamera. Na dawa za sukari usizipunguze mwenyewe, hata vipimo vikipendeza.