Jibu: Gavana Mkuu ni pambo tu?

Mkuu, umeuliza kama Gavana Mkuu wa Australia, yaani mwakilishi wa mfalme (huyohuyo wa Uingereza), ni pambo tu au kweli anaweza kumfukuza waziri mkuu. Anaweza, na ilishatokea.

Siku za kawaida anatia saini miswada, anaapisha mawaziri, na karibu kila kitu anakifanya kwa ushauri wa serikali. Hata yeye mwenyewe huteuliwa na mfalme kwa pendekezo la waziri mkuu.

Sasa njoo 1975. Seneti, moja ya mabaraza mawili ya bunge, iliyokuwa mikononi mwa upinzani, iliikalia bajeti ya waziri mkuu Gough Whitlam wiki kadhaa, fedha za serikali zikawa zinaelekea kukauka. Tarehe 11 Novemba Gavana Mkuu, Sir John Kerr, akamkabidhi Whitlam barua ya kumwachisha kazi, kisha akamwapisha kiongozi wa upinzani, Malcolm Fraser, awe waziri mkuu wa muda. Na Kerr huyohuyo alipendekezwa na Whitlam! Alasiri ile baraza lile jingine, Baraza la Wawakilishi, likapitisha kura ya kutokuwa na imani na Fraser, lakini wapi, mabaraza yote mawili yakavunjwa. Spika alipomwandikia Malkia Elizabeth, aliyetawala wakati huo, akajibiwa kwamba katiba imempa Gavana Mkuu mamlaka hayo, yeye haingilii. Desemba Fraser akashinda uchaguzi kwa kishindo.

Mimi naona Kerr alikosea kutomwonya Whitlam kwanza.

Tanganyika nasi tulikuwa na wetu, Sir Richard Turnbull, mwaka mmoja tu, hadi tulipokuwa jamhuri 9 Desemba 1962.