Uliza Ujibiwe: Meli imekamatwa, mbona kesi imekufa?

Mwezi huu barua za uvuvi zimejaa, nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, mnisamehe, ni mambo yangu ya zamani haya.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni afisa uvuvi msaidizi huku Kilwa, mwaka wa nne huu kazini. Bosi kaniambia jina langu limepita, niende semina ya wiki mbili ya sheria ya kimataifa ya uvuvi. Sasa wenzangu ofisini wananicheka, wanasema sisi huku tunakimbizana na wavuvi wa mabomu na kokoro, zile nyavu haramu za kukokota, hiyo sheria ya mataifa utamshika nayo nani, nenda kale posho urudi. Na mimi nimeanza kuona kama wana pointi. Niende?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Posho kula, ni haki yako, ila kaa viti vya mbele na simu izime.

Unawakumbuka samaki wa Magufuli? Labda ulikuwa bado shule. Machi 2009 meli Tawariq 1 ilinaswa kwenye ukanda wetu wa kiuchumi wa bahari, doria ilikuwa ya pamoja, wakaguzi wetu na wa nchi jirani walikuwa juu ya meli ya Afrika Kusini inaitwa Sarah Baartman, kwenda kucheki tumboni mna jodari karibu tani 296, mabaharia zaidi ya 30, na leseni ya kuvua kwetu hamna. Nchi nzima ilishangilia, Magufuli ndo alikuwa waziri wa mifugo na uvuvi, samaki wakagawiwa mpaka wakapewa jina lake. Hapo ndo wengi wanaishia kusimulia. Kumbe kesi ikaenda miaka, 2012 Mahakama Kuu ikawatia hatiani wawili, halafu 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta yote na kuwaachia, kwa kasoro za kisheria kwenye mashtaka na uendeshaji wa kesi. Samaki walishaliwa, meli imechakaa bandarini, na aliyekuwa mtuhumiwa akageuka kuwa mdai. Baharini tulishinda, tukapigwa kwenye makaratasi.

Sasa hayo makaratasi ndo utaenda kufundishwa. Chukua Kifungu cha 73 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifupi tu lakini kina mitego. Ndani ya maili 200, ndo huo ukanda wa kiuchumi, una haki ya kupanda meli ya kigeni, kuikagua, kuikamata na kuipeleka mahakamani. Sawa. Ila ukishaikamata, nchi yenye bendera, yaani ilikosajiliwa meli, iarifiwe mara moja, na wenyewe wakiweka dhamana ya kiasi kinachoeleweka, meli na watu wake waachiwe haraka, na adhabu ya kosa la uvuvi huko haitakiwi kuwa kifungo kama nchi husika hazijakubaliana hivyo. Wengi hawaijui hiyo ya mwisho, wanafikiri maili 200 zote ni sawa na ufukweni. Zile 12 za kwanza ndo bahari yetu kabisa, huko mbele tuna haki ya mali iliyomo tu, ndo maana kitu cha kwanza kuandika kwenye daftari lako ni GPS ilisoma ngapi na saa ngapi, kabla hata hujamsalimia nahodha.

Ukidhani natisha bure, waulize Guinea. 1997 waliikamata Saiga, meli ya mafuta iliyokuwa inauzia dizeli meli za uvuvi huko huko baharini. Ikawa kesi ya kwanza kabisa ya ile mahakama ya bahari iliyopo Hamburg, wakaamriwa waiachie kwa dhamana. 1999 hukumu kamili ikatoka, Guinea wakaambiwa wamekosea kuifukuza, kwa sababu kufukuza meli mpaka nje ya maji yako kuna masharti yake, lazima uipe ishara ya kusimama ikiwa karibu kiasi cha kuiona au kuisikia, na mkianza kuifukuza msikatize. Wao walikatiza. Na walitumia nguvu kupita kiasi. Wakalipishwa dola zaidi ya milioni 2.1, wao waliokamata!

Nikuibie siri moja, semina nyingi ni slaidi na sambusa. Ukifika huko komaa na wakufunzi wawaweke mfanye kwa vitendo, mlinganishe logibuku, lile daftari la meli la kuandika walichovua, na mzigo uliopo kwenye friza, mfunge kielelezo kwa lakiri, muandike maelezo ya shahidi halafu mwendesha mashtaka ayachanechane mbele yenu. Mimi nilishawahi kuandika maelezo nikasahau tarehe, yaani tarehe tu, wakili wa upande wa pili alinichezea kama kitenesi, mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Na hao wanaokucheka, waambie mabomu na kokoro nayo yanafia mahakamani kwa ugonjwa huo huo.

SWALI: Hujambo mhariri? Sisi ni BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, huku Shimoni, Kenya. Usiku twaona taa za meli kubwa huko nje, asubuhi hazipo. Maafisa ndio waenda semina, sisi wavuvi tutafanya nini?

JIBU: Sijambo, poleni na bahari. Meli kubwa hata ikiwakimbia nyinyi, siku moja itataka mafuta, chakula na pa kushusha mzigo. Ndo maana kuna Mkataba wa Hatua za Bandari wa FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ulianza kazi tarehe 5 Juni 2016 na Kenya imo. Meli ya kigeni inatakiwa iombe ruhusa kabla haijaingia, na bandari ikiwa na ushahidi kwamba ilivua kiharamu inaweza kuikatalia, au kuiruhusu iingie ili ikaguliwe tu. Sasa huo ushahidi nyinyi mnaweza kuuanzisha. Msiishie kusema "tuliona taa". Andikeni saa, GPS ya simu, ilikuwa inaelekea wapi, na kukikucha mkiiona pigeni picha ya jina na ile namba ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, maana jina na rangi watabadilisha mkiwa mmelala, ila namba ile hubaki na meli maisha yake yote. Peleka kwa afisa uvuvi kwa maandishi, ubaki na kopi. Msiisogelee.

SWALI: Mambo? Nimemaliza diploma, nataka kubobea kwenye hii kitu. Niombe wapi?

JIBU: Poa. Kama hujui kazi ya majini anza na FETA, chuo cha serikali cha uvuvi Tanzania, Mbegani wapo na Nyegezi wapo, ukalowe kwanza. Ukishapata ajira serikalini kuna ile programu ya mafunzo ya uvuvi ya GRÓ ya Iceland, miezi sita, lakini unateuliwa na taasisi yako, huombi mwenyewe ukiwa nyumbani. Kama una digrii ya sheria, angalia IMLI kule Malta, ni chuo cha sheria ya bahari cha IMO. Iceland beba sweta mbili.