Kabla hujaandika historia, mtazame mtoto

Uhakiki wangu wa kwanza wa Va, vis et deviens, filamu ya Radu Mihaileanu ya mwaka 2005, ulikuwa na aya sita. Tano zilikuwa historia tupu: njaa ya Ethiopia, kambi za wakimbizi Sudan, kisha Operesheni Musa, iliyowasafirisha kwa ndege Wayahudi wa Ethiopia wapatao 8,000 hadi Israel kati ya Novemba 1984 na Januari 1985. Nikampa rafiki yangu asome. Akauliza, "Sasa filamu yenyewe uliitazama?"

Niliona haya. Usiku uleule nikairudia, na tangu hapo sianzi uhakiki wa namna hii kwa tarehe.

Tafuta kwanza pale mwili wa mtoto unapomsema. Katika filamu hii ni bafuni. Schlomo, mtoto ambaye filamu inamfuata, ndiyo kwanza amefika Israel, anaogeshwa, mara anaona maji yanaishia kwenye tundu la sakafuni. Anachachawa, anataka kuyazuia yasiende. Ametoka kwenye ukame. Kwake hayo ni maji yanayopotea. Anzia hapo, halafu historia itaingia kwa sentensi moja: mama yake, Mkristo, alimsukuma kwenye msafara wa Wayahudi ili apone, naye akalazimika kuishi kwa jina la mtoto mwingine aliyekufa.

Jambo la pili lilinichukua muda kuling'amua. Filamu ina Kiamhari, Kiebrania na Kifaransa, ila tafsiri iliyoandikwa chini ya skrini inazifanya zote zifanane. Unasoma, husikii. Mara ya pili nilifunika sehemu ya chini ya skrini kwa kitambaa, nikaacha masikio yafanye kazi. (Sijui hata neno moja la Kiamhari, lakini nilijua kila Schlomo alipokirudia.) Kijana huyu huzungumza na mwezi kana kwamba mama yake yuko huko. Kwa hiyo ukiandika kwamba "anatafuta utambulisho wake", msomaji hajapata kitu. Mwambie anaongea na nani, kwa lugha gani, na nani hatakiwi kusikia.

Pia, usiisamehe filamu kwa sababu imekuliza. Mimi nililia, tena sana, na bado naona sehemu ya utu uzima ina haraka mno: mapenzi, masomo ya udaktari Paris, jeshi, vyote vimeshindiliwa. Waigizaji watatu wanampokezana Schlomo, na kwangu yule mdogo ndiye aliyeibeba filamu. Nilisema hivyo wazi. Mwisho wake sikuusimulia, nawe usiusimulie.

Sehemu iliyonisumbua zaidi kuandika ni ya shuleni. Wazazi wa wanafunzi wengine wanaogopa kwamba mtoto huyu ataambukiza watoto wao ugonjwa. Yael, mama yake wa kulea, anamshika na kumlamba uso mbele yao. Niliandika sentensi nne kuhusu ubaguzi, upendo wa mama na mengineyo. Asubuhi nikazifuta tatu. Iliyobaki ilieleza tu alichofanya Yael.