Akaunti ya akiba ya kila mwezi ina faida gani? Hesabu niliyofundishwa na kodi ya nyumba

Mwaka wa kwanza nilipojiunga na akaunti ya akiba ya malengo, ile ambayo benki hukata kiasi kilekile kila mwezi kwa miezi 12 na kukunyima riba ukitoa kabla ya muda, siku ya kuiva kwake niliondoka nyumbani nikiwa na furaha na kufika dirishani nikiwa na hasira. Tangazo lililobandikwa karibu na mlango wa tawi lilisema riba ni asilimia 7 kwa mwaka. Nilikuwa nimeweka shilingi 200,000 kila mwezi, jumla shilingi 2,400,000, na kichwani nilikwisha kuhesabu riba ya shilingi 168,000. Taarifa ya akaunti ilionyesha riba ya shilingi 91,000, na chini yake kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani shilingi 9,100, hivyo kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa shilingi 81,900. Niliamini nimepunjwa.

Dada aliyenihudumia hakubishana nami. Alichukua karatasi ya kuwekea fedha, akaigeuza upande usioandikwa, akapanga namba kutoka juu kwenda chini: 12, 11, 10, hadi akafika 1. "Mwalimu," akaniambia, "laki mbili ya mwezi wa kwanza imelala hapa miezi 12, lakini hii ya mwisho imelala mwezi mmoja tu. Kila moja imelipwa kwa muda wake." Tulijumlisha pamoja tukapata miezi 78, ambayo ni miaka 6 na nusu ya laki mbili moja. Asilimia 7 ya laki mbili ni shilingi 14,000. Zidisha kwa 6 na nusu, unapata 91,000 kamili. Benki haikuniibia hata senti. Ni mimi niliyesoma asilimia bila kuuliza inalipwa juu ya fedha ipi na kwa muda gani.

Kila anayetaka kuamua kama akaunti ya namna hii inamfaa, naomba aanzie kwenye karatasi ile. Mtu ambaye tayari anazo shilingi 2,400,000 mkononi na hazihitaji kwa mwaka mzima hana sababu ya kuziingiza kidogo kidogo. Aziweke zote kwa mara moja kwenye amana ya muda maalumu, na kwa riba ileile ya asilimia 7 atapata zile 168,000 kabla ya kodi. Akaunti ya kila mwezi ni ya mtu kama mimi, ambaye fedha zake huja na mshahara na huondoka nao. Kulinganisha riba za akaunti hizi mbili ni kulinganisha vitu viwili visivyofanana.

Linganisho la haki ni lile la akaunti ya akiba ya kawaida, ambayo wakati ule kwa upande wangu ililipa asilimia 3. Fedha zilezile, kwa mpangilio uleule, zingenipa shilingi 39,000, na baada ya kodi 35,100. Akaunti hiyo ikiwa na makato ya shilingi 2,000 kila mwezi, zinabaki 11,100 kwa mwaka mzima wa kujinyima. Mwaka 2024 mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa asilimia 3.1, maana yake asilimia 3 iliyokwisha kukatwa kodi haikutosha hata kuilinda thamani ya fedha yenyewe. Kwa sababu hiyo siishauri akaunti ya kawaida kwa jambo lolote zaidi ya fedha ya dharura unayotaka kuifikia usiku wowote mtoto akiugua.

Lakini hata hizo shilingi 81,900 si nyingi, na mtu anaweza kuuliza kwa haki kabisa kama zinastahili usumbufu wote huo. Jibu langu linatokana na mwaka uliotangulia, kabla sijafungua akaunti hiyo. Mwenye nyumba wetu hapa Morogoro hudai kodi ya mwaka mzima kila Desemba, laki mbili kwa mwezi. Nilikuwa nikiziacha fedha hizo kwenye akaunti ileile ya mshahara, nikijiambia kwamba nazifahamu na sitazigusa. Nilizigusa kwenye msiba, nikazigusa kwenye mchango wa harusi ya binamu, nikazigusa kwa mambo ambayo leo siyakumbuki. Desemba ilipofika nilipungukiwa shilingi 600,000, nikaenda kwa mkopeshaji wa kausha damu, yaani wa mikopo ya mtaani yenye riba kali.

Aliichukua kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri, akaifunga kwa mpira na kuiweka kwenye kopo la plastiki lililokuwa na kadi nyingine nyingi, ambazo bila shaka zilikuwa za watumishi wenzangu. Mshahara ulipoingia tarehe 24 alikwenda mwenyewe kwenye mashine, akatoa shilingi 780,000 na kunirudishia kadi. Nililipa shilingi 180,000 kwa mwezi mmoja, na mke wangu aliishi Januari hiyo kwa kukopa unga dukani kwa jirani. Mpaka leo nikiona kopo la namna ile moyo hunishtuka.

Hapo ndipo nilipojifunza kupima akaunti hii kwa mkopo inaoniepusha nao. Mwaka wa akiba ulinipa 81,900 na kuniepusha na riba ya mkopo ya 180,000. Faida yangu halisi ni jumla ya vyote viwili, zaidi ya shilingi 260,000, na sehemu kubwa ya faida hiyo haimo kwenye tangazo lolote la benki. Mtu asiyekopa kwa riba kali, ambaye fedha zake hukaa mahali alipoziweka bila kulindwa na masharti, hapati sehemu hiyo. Na aliye na deni la kausha damu sasa hivi asifungue akaunti ya akiba kwanza: alipe deni, kwa maana hakuna benki itakayomlipa asilimia 30 kwa mwezi.

Kabla ya kutia sahihi, uliza riba inahesabiwa kwa salio la kila siku au kwa salio dogo kuliko yote ndani ya mwezi, uliza unapoteza nini ukikosa kuweka mwezi mmoja, na uagize fedha zikatwe siku moja baada ya mshahara. Ukichagua tarehe ya mbali na mshahara, benki inaweza kukuta akaunti tupu.

Kuhusu usalama, Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia benki 5 kwa siku moja, na wakati ule Bodi ya Bima ya Amana, inayowafidia wateja benki ikianguka, ilimkinga kila mwenye amana hadi shilingi 1,500,000 tu. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000, kwa hiyo akiba ya kodi ya nyumba inaingia yote ndani ya kinga. Kibubu hakina kinga hiyo. VICOBA, vile vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopeshana, navyo havina, ingawa gawio la kikundi kizuri huweza kuipita benki kwa mbali, na mimi mwenyewe ni mwanachama wa kimoja kwa sababu ya mikopo yake na watu wake.

Ikiwa fedha ni ya miaka mingi ijayo, kwa mfano ya kiwanja au ya uzeeni, iondoe kwenye akaunti za akiba kabisa. Vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS hununuliwa kidogo kidogo, na hatifungani za Serikali, yaani fedha unazoikopesha Serikali, huanzia shilingi 1,000,000 na kulipa riba kila baada ya miezi 6. Vipande hivyo havikingwi na Bodi ya Bima ya Amana, jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Waislamu wanaojiepusha na riba wanazo akaunti za kugawana faida katika Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011, na katika madirisha ya Kiislamu ya benki nyingine.

Swali la mwisho la kumuuliza mhudumu ni hili: mwezi wa 13 fedha zangu zinakwenda wapi? Mwaka mwingine zangu zilihamishiwa akaunti ya kawaida bila mimi kuulizwa, kwa riba ya asilimia 3, na zikalala huko wiki tano kabla sijagundua. Sasa tarehe ya kuiva nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni, siku nne kabla ya ile ya mwenye nyumba.