Je, imani yangu inaniruhusu kumkataa mteja?

SWALI: Nina duka la kuchapa mabango na kadi mjini Mombasa. Hivi karibuni mteja Mkristo aliniomba nimchapie mabango ya kutangaza bia, nikamweleza kwamba mimi ni Mwislamu na dini yangu hainiruhusu kushiriki katika biashara ya pombe. Alikasirika, akasema nimembagua kwa sababu ya dini yake na kwamba atanishtaki. Kaka yangu naye ana vyumba vya kupangisha, na langoni ameandika kwamba ni vya Waislamu pekee; anasema kama mimi naweza kukataa kazi, yeye naye anaweza kukataa mpangaji. Sheria ya Kenya inasemaje juu yetu? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, wewe na kaka yako mnadhani mna jambo moja, ilhali ni mawili na majibu yake hayafanani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa dhamiri, dini na imani katika Kifungu cha 32. Sehemu yake ya (3) inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi, kazi au huduma, au kunyimwa haki yoyote, kwa sababu ya imani au dini yake. Na sehemu ya (4), inayofuata papo hapo, inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Mteja wako anaegemea ile ya kwanza, nawe unaegemea ya pili. Wala msidhani kwamba maneno hayo yanaihusu Serikali tu, kwani Kifungu cha 20 kinasema kwamba haki hizo zinamfunga kila mtu, na Kifungu cha 27 kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake, waziwazi au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi ya dini, dhamiri, imani na hata mavazi.

Kwa maoni yangu, jiulize hivi: kazi ile ile ingeletwa na Mwislamu mwenzako, ungeichapa? Ikiwa ungeikataa vilevile, na kama Mkristo yule angeleta kadi za harusi ya binti yake ungempokea kama mteja mwingine yeyote, basi ulichokikataa ni bango la bia, si mtu aliyelileta. Lakini ikiwa umewahi kumchapia jirani wa msikitini tangazo la baa kwa kuwa mnafahamiana, hoja yako itaporomoka, na itastahili kuporomoka.

Hoja ya namna hiyo ilipimwa katika kesi ya duka la keki la Ashers la Belfast, Ireland ya Kaskazini. Mwaka 2014 mteja aliagiza keki iliyoandikwa maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja, akalipa pauni 36.50, kisha wenye duka, ambao ni Wakristo, wakamrudishia fedha zake kwa sababu ya imani yao. Mahakama za chini ziliwaona na hatia ya ubaguzi, lakini mnamo Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwa kauli moja kwamba walichokipinga ni ujumbe, na kwamba wangemkatalia mtu yeyote aliyetaka maneno yale. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, ila unaonyesha njia ambayo wakili wako anaweza kuipita.

Kaka yako hana njia hiyo. Hakuna anayemlazimisha kuchapa, kuandika wala kutamka neno lolote; anachokifanya ni kumtazama mtu, kuuliza dini yake, kisha kumfungia mlango, na tangazo lake la langoni litakuwa ushahidi wa kwanza dhidi yake. Kusema kwamba anafanya hivyo kwa imani safi hakutamwokoa. Nchini Marekani, mwenye mikahawa ya Piggie Park huko South Carolina alidai kwamba dini yake ndiyo iliyomtuma kuwabagua watu Weusi, na mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitupilia mbali hoja hiyo kama isiyo na uzito wowote. Nami nasema kwa uchungu kwamba kaka yako anakivunja kifungu kinachowalinda watu wake mwenyewe, kwa sababu mwanamke wa Kiislamu anayekataliwa chumba katika mji mwingine kwa ajili ya buibui lake atakimbilia maneno yale yale ya Katiba.

Anaweza kuweka masharti ya mwenendo yanayomhusu kila mpangaji, kwa mfano kutokunywa pombe uani, mradi yasiwe hila ya kuwafukuza watu wa dini fulani. Tangazo lile aliondoe leo, kwa maana Kifungu cha 22 kinamruhusu aliyebaguliwa kwenda Mahakama Kuu bila kulipa ada ya kufungua kesi, na Kifungu cha 23 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru alipwe fidia.

Wewe nawe bandika dukani orodha ya kazi usizozifanya, na umwambie mteja kabla hujapokea malipo yake, kwa heshima, bila kumuuliza anasali wapi.